Molekuli za kaboni huundwaje angani katika baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri?

Maalim wa Shela (swali)

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa kisiwani Lamu. Wiki iliyopita nilikuwa nikiwafundisha kidato cha nne kasi ya mmenyuko, nikawaambia yale ambayo kila mwalimu huyasema: kwamba chembe sharti zigongane, kwamba mgongano sharti uwe na nguvu ya kuvuka kizingiti cha nishati, na kwamba ukiondoa joto mmenyuko huzorota hadi ukakaribia kusimama. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni nahodha na ambaye anazijua nyota kwa majina kuliko mimi, akanyosha mkono akasema amesoma kwamba katika mawingu meusi yaliyoko baina ya nyota kumeonekana methanoli, ethanoli na hata molekuli ya jamii ya sukari, na kwamba joto la huko ni Kelvini 10 tu, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri. Kisha akaniuliza: "Sasa, maalim, kile kizingiti zimekivuka kwa nguvu gani?" Nikamwahidi jibu Jumatatu, na Jumatatu haiko mbali.

Nimesoma kidogo nikaelewa nusu. Kila ninapofungua naambiwa kwamba kazi hiyo hufanyika juu ya punje za vumbi zilizofunikwa na barafu. Lakini kwa nini iwe lazima juu ya punje, isiwe ndani ya gesi yenyewe? Na katika baridi inayogandisha karibu kila kitu, ni kipi kinachobaki na uwezo wa kusogea hata kikakutana na mwenzake? Jibu la kwamba hayo ni maajabu ya Mwenyezi Mungu nalikubali mimi na analikubali kijana mwenyewe, ila yeye anataka kujua yamefanywa kwa njia gani.

Binti wa Malindi

Wa aleikum salaam, maalim. Nilisomea fizikia ya anga kabla ya kurudi nyumbani, na swali la mwanafunzi wako ndilo lililowasumbua wataalamu wenyewe kwa miaka mingi, kwa hiyo usione haya kuahirisha jibu.

Tuanze na wingu lenyewe, kwa sababu unaweza kumwonyesha. Mwezi wa Julai au Agosti, msimu wa kusi, mtu akisimama ufukweni hapo Shela saa tatu au saa nne za usiku na mbingu zikiwa safi, ataiona ile njia nyeupe ya nyota ikipanda kutoka kusini, na katikati yake mabaka meusi kama masizi kwenye ukuta wa jiko. Wengi hudhani kwamba mahali hapo hapana nyota. Nyota zipo, ila zimezibwa na vumbi. Sehemu kubwa ya wingu ni gesi ya haidrojeni na heliamu, na vumbi ni takriban sehemu moja kwa mia ya uzito wake, nalo ni punje za silika na za kaboni zilizotoka katika nyota zilizozeeka. Upana wa punje ya kawaida ni sehemu moja au mbili za kumi za mikromita, hata ukitaka kufikia unene wa unywele mmoja itakubidi upange mstari wa punje mia kadhaa.

Wingu hilo tunaliita zito, lakini uzito wake ni wa kulinganisha na utupu ulio nje yake. Sentimita moja ya ujazo ina molekuli kati ya elfu kumi na milioni moja, ilhali hewa ya hapa Malindi ina molekuli zipatazo 25,000,000,000,000,000,000 katika ujazo huohuo. Atomi mbili zilizo katika gesi ya namna hiyo ni kama wavuvi wawili waliotoka kila mmoja kwa mtumbwi wake katika Bahari ya Hindi: huenda wasionane maisha yao yote. Lakini wote wawili hurudi dikoni, na hapo dikoni ndipo watu hukutana. Punje ya vumbi ni diko.

Hata hivyo, kukutana peke yake hakutoshi, na jambo hili vitabu vya shule huliruka. Atomi mbili za haidrojeni zikiungana hutoa nishati nyingi, kama elektronivolti 4.5, na nishati hiyo isipopata pa kwenda huzitenganisha palepale. Katika chupa ya maabara kuna molekuli nyingine, au kuta za chupa, za kuipokea. Katika gesi ya angani hakuna, na molekuli ya haidrojeni haiwezi kuitoa nishati hiyo upesi kwa njia ya mwanga. Punje ndiyo inayoipokea. Sisi tumefundishwa kwamba ndoa haisihi bila mashahidi; ndoa ya atomi mbili angani nayo haisihi bila wa tatu, na kazi ya huyo wa tatu ni kubeba joto la harusi. Karibu molekuli zote za haidrojeni zilizomo katika mawingu hayo zilifungwa ndoa yake juu ya vumbi.

Sasa nije kwenye kizingiti. Katika Kelvini 10 molekuli nzito kama maji na monoksidi ya kaboni zikishaanguka juu ya punje zimekwama, hazitikisiki. Inayosogea ni haidrojeni, ambayo ni nyepesi na imeshikiliwa kidogo tu, hivyo huzurura juu ya barafu ikitafuta wa kuungana naye. Ikikutana na atomi ya oksijeni huungana nayo, kisha haidrojeni ya pili huja, na hayo ni maji. Ndiyo maana ganda la kwanza la barafu juu ya punje huwa la maji, yakichanganyika na amonia, methani na dioksidi ya kaboni. Baadaye wingu linapozidi kujikusanya na joto kushuka chini ya Kelvini 20 hivi, monoksidi ya kaboni iliyokuwa gesi nayo huganda juu ya ganda lile, kama utandu juu ya maziwa yaliyopoa.

Haidrojeni inayokutana na monoksidi ya kaboni hukuta kizingiti halisi, na kwa hesabu za darasani haiwezi kukivuka, kwa maana joto halipo. Lakini haidrojeni haikiruki kizingiti hicho, bali hukipenya. Kwa kanuni za fizikia ya kwanta, chembe nyepesi kiasi hicho ina tabia ya wimbi, na wimbi haliishii ghafla kwenye ukuta: sehemu yake ndogo hutokea upande wa pili, na kwa kadiri ya sehemu hiyo ipo nafasi ya chembe yenyewe kukutwa upande wa pili bila kupanda juu ya ukuta. Upenyaji huo hautegemei joto. Unategemea wepesi wa chembe, wembamba wa kizingiti, na idadi ya majaribio. Haidrojeni ya kwanza ikipenya, hupatikana kipande kiitwacho HCO. Ya pili hukigeuza kuwa formaldehaidi bila taabu. Ya tatu hulazimika kupenya tena. Ya nne huingia kwa urahisi, na hapo tumefika methanoli, CH₃OH, yenye atomi sita. Katika elimu ya anga molekuli yenye kaboni na atomi sita au zaidi ndiyo huitwa molekuli changamano, basi methanoli imekaa mlangoni kabisa.

Mwambie kijana pia jambo hili, maana litampendeza: hapa baridi husaidia. Joto likifika Kelvini 20 hivi haidrojeni huruka na kuondoka kabla haijafanya majaribio ya kutosha, na methanoli hupungua. Naoki Watanabe na Akira Kouchi wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walilionyesha hilo maabarani. Mwaka 2002 walitoa taarifa kwamba walirushia atomi za haidrojeni juu ya barafu yenye monoksidi ya kaboni iliyopozwa hadi Kelvini 10, wakapata formaldehaidi na methanoli.

Na subira nayo ihesabiwe. Punje moja huangukiwa na atomi huru ya haidrojeni takriban mara moja kwa siku. Inaonekana ni kidogo sana, lakini wingu huishi miaka milioni na zaidi, na miaka milioni moja ni siku milioni 365, ilhali uso wa punje una nafasi kama milioni moja tu za kukaa molekuli.

Fundi Majokofu

Salamu kwenu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza friza za wauza samaki hapa Malindi, wala sikusoma hadi huko mlikofika, ila kuna jambo nalijua kwa mikono yangu. Barafu nyeupe inayoota kwenye kuta za friza haikumwagwa na mtu; ni unyevu wa hewa uliogusa chuma baridi ukaganda palepale bila kuwa maji kwanza, na unaponasa hunasa na vingine, ndiyo maana ukiiyeyusha barafu hiyo hunuka nguru hata kama nguru ameshauzwa wiki mbili zilizopita. Je, barafu ya kwenye punje ni ya aina hiyo, au ni ngumu na angavu kama ya kiwandani?

Binti wa Malindi

Kaka fundi, mfano wako ni mzuri kuliko wangu wa utandu wa maziwa, na maalim auchukue. Barafu ya angani imefanyika vivyo hivyo, kwa gesi kugusa kitu baridi, na hunasa chochote kinachoigusa. Tofauti ni kwamba barafu ya friza, ingawa ni nyeupe na laini, ni fuwele ndogondogo zilizopangika, ilhali katika Kelvini 10 molekuli ya maji hukwama pale ilipoangukia kabla haijapata nafasi ya kujipanga. Matokeo yake ni barafu isiyo na mpangilio wa fuwele. Usifikirie utelezi wowote pia, kwani hakuna hata tone la umajimaji.

Mstaafu wa Ngomeni

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Nilikuwa kijana hapa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini mbele yetu, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mbingu kwa eksirei, na eksirei hutoka mahali penye gesi ya mamilioni ya nyuzi, kwa hiyo haikuwa na habari yoyote na baridi mnayoizungumzia. Tangu siku hiyo, hata hivyo, sikuacha kufuatilia mambo ya anga, na nina neno la kumwongezea binti yangu, pengine la kumpinga.

Maelezo yake yanatufikisha kwenye methanoli na kutuacha hapo. Haidrojeni inaongeza haidrojeni tu; haiwezi kuunganisha kaboni kwa kaboni. Ethanoli ina kaboni mbili, na ile molekuli ya jamii ya sukari, ambayo ni glaikolaldehaidi, ina mbili pia. Nani amezifunga pamoja ikiwa vitu vizito havisogei?

Jibu ambalo mimi nililisoma tangu zamani ni la mionzi. Mayo Greenberg, Mmarekani aliyehamia Leiden nchini Uholanzi, alianzisha huko maabara ya kuigandisha michanganyiko ya gesi na kuipiga mwanga wa urujuanimno, na Louis Allamandola aliiendeleza kazi kama hiyo katika kituo cha Ames cha NASA. Mwanga huo huvunja molekuli ndani ya barafu zikawa radikali, yaani vipande vyenye elektroni moja isiyo na mwenzake, na vipande viwili vya namna hiyo vikikutana huungana bila kuuliza kizingiti. Ndani ya wingu jeusi mwanga wa nyota haupenyi, ni kweli, lakini miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa mno zinazosafiri angani, hupenya, huigonga haidrojeni, na haidrojeni iliyogongwa hutoa urujuanimno hafifu hukohuko ndani. Kisha wingu linapoporomoka na nyota changa kuanza kuwaka katikati yake, barafu hupata joto polepole. Ikifika Kelvini 30 au 40 radikali zilizokuwa zimekwama huanza kutembea na kuungana, na ikipita Kelvini 100 barafu yote hugeuka mvuke na kumwaga kila kilichomo. Robin Garrod na Eric Herbst waliiandika hesabu ya hatua hizo mwaka 2006. Mwaka 2002 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Ulaya, yalitangaza kwamba barafu ya namna hiyo iliyopigwa mionzi maabarani ilitoa asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Lile la Ulaya lilihesabu 16.

Kwa hiyo mimi naona nishati ipo. Kijana aambiwe kwamba kizingiti kimevukwa kwa mionzi kwanza na kwa joto la nyota baadaye.

Maalim wa Shela

Shikamoo, mzee wetu wa Ngomeni, na shukrani kwenu nyote. Sasa mmenifikisha mahali ambapo kijana ataniuliza la pili, nami nataka nitangulie. Mmoja anasema kazi imefanyika kwenye baridi, mwingine anasema imefanyika kwa mionzi na wakati wa kupashwa joto. Mtu wa hapa duniani anajuaje lipi lilitokea? Tena kitu kilichoganda ndani ya barafu kinaonekanaje? Najua kwamba darubini za redio huitambua molekuli kwa mizunguko yake, na molekuli iliyogandishwa haizunguki.

Binti wa Malindi

Marahaba kwa niaba ya mzee, kama ataniruhusu, na nianze na alilonipinga.

Mzee wangu, uliyosema kuhusu mionzi ni sahihi, ila niongeze kwamba asidi amino za mwaka 2002 zilipatikana baada ya mabaki ya barafu kutokoswa katika asidi kali ili vifungo vyake vifunguke, kwa hiyo haifai kusema kwamba zilikuwa zimekaa ndani ya barafu zikisubiri kuhesabiwa. Na kuhusu kaboni kushikana na kaboni, vile vipande vya katikati ya safari ya methanoli, HCO na wenzake, ni radikali tayari. Vimezaliwa na haidrojeni, si na mwanga. Vikizaliwa viwili jirani kwa jirani havihitaji kutembea. Vinashikana mkono vilipo. Maabara hiyohiyo ya Leiden ilionyesha mwaka 2015 kwamba ukigandisha monoksidi ya kaboni na kuirushia atomi za haidrojeni gizani, bila mionzi yoyote, unapata glaikolaldehaidi pamoja na ethilini glaikoli. Hiyo ya pili madereva wanaifahamu, kwani ndiyo inayotiwa kwenye rejeta za magari.

Tena kuna ushahidi wa mbinguni. Mwaka 2012 Aurore Bacmann na wenzake walitoa taarifa kuhusu kiini cha wingu kiitwacho L1689B, ambacho hakina nyota ndani yake na baridi yake ni ileile ya Kelvini 10, wakiwa wamekichunguza kwa darubini ya redio ya mita 30 iliyoko milimani Uhispania. Walikuta asetaldehaidi, dimethili etha na methili fometi, zote zenye kaboni mbili. Hapo hapakuwa na nyota ya kupasha barafu joto. Nadharia ya kwamba kila kitu husubiri Kelvini 30 ilibidi irekebishwe, na mimi, kwa kadiri ninavyoupima ushahidi, naona sehemu kubwa ya kazi huanza gizani na kwenye baridi, halafu mionzi na joto huja kuikuza na kuifichua.

Hata hivyo ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa haidrojeni nzito, ambayo kiini chake kina nyutroni ya ziada. Katika ulimwengu kwa jumla hupatikana kama atomi 15 tu za haidrojeni nzito kwa kila atomi milioni moja za kawaida. Kwa uwiano huo, kuipata methanoli ambayo atomi zake tatu kati ya nne za haidrojeni ni nzito kungekuwa bahati isiyotokea. Lakini mwaka 2004 ilitangazwa kuwa methanoli ya namna hiyo imeonekana katika IRAS 16293-2422, nyota changa inayozaliwa umbali wa miaka ya nuru 460 hivi. Sababu ni kwamba kifungo cha haidrojeni nzito ni imara kidogo kuliko cha haidrojeni ya kawaida. Mahali penye joto tofauti hiyo haina maana yoyote, maana joto huvunja na kufunga bila kuchagua. Katika baridi kali tofauti hiyohiyo ndogo hutosha kuifanya haidrojeni nzito iingie katika molekuli na isitoke tena. Methanoli iliyojaa haidrojeni nzito ni kama samaki aliyekutwa sokoni na chumvi ya ng'onda: hata kama leo yuko juani, unajua alipitia wapi. Katika nyota hiyohiyo, mwaka 2012, darubini ya ALMA iliyoko jangwa la Atacama nchini Chile iliiona glaikolaldehaidi, kwenye gesi yenye joto iliyo karibu na nyota, ambako barafu imeshageuka mvuke.

Hilo linajibu nusu ya swali lako la kuonekana. Molekuli tunazozitambua kwa redio ni zile zilizokwisha kutoka kwenye barafu na kupata uhuru wa kuzunguka, na mpaka sasa zimefika zaidi ya 300, tukihesabu na zile ndogo. Zile zilizo bado ndani ya barafu huonekana kwa njia nyingine. Haziwezi kuzunguka, lakini vifungo vyake hutetemeka, na mtetemo huo hula mwanga wa infraredi kwenye urefu maalumu wa wimbi: barafu ya maji karibu na mikromita 3, dioksidi ya kaboni kwenye 4.27, monoksidi ya kaboni kwenye 4.67. Darubini huelekezwa kwenye nyota iliyo nyuma ya wingu, na katika mwanga wake hutafutwa sehemu zilizolika. Darubini ya anga ya James Webb imefanya kazi hiyo kwa ustadi ambao haukuwezekana zamani. Mwaka 2023 Melissa McClure na wenzake walitangaza hesabu ya barafu katika sehemu za giza totoro za wingu la Chamaeleon I, ikiwamo methanoli, na mwaka 2024 kundi jingine lilitangaza kuiona ethanoli ndani ya barafu inayozunguka nyota changa, na kwa uwezekano mkubwa asidi asetiki pia, ambayo sisi tunaijua kama ukali wa siki.

Namna molekuli iliyoundwa juu ya barafu ya Kelvini 10 inavyobanduka ili ionekane kwa redio, kama ilivyoonekana L1689B, ndiyo sehemu ambayo wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema joto lilelile la harusi mara nyingine humrusha bibi harusi nje ya punje; wengine wanasema ni urujuanimno hafifu wa miale ya kosmiki; wengine wanasema kinachobanduka ni methanoli na vipande vyake tu, na kwamba molekuli kubwa hukamilishwa ndani ya gesi.

Mkaazi wa Mkomani

Samahani kwa kuingilia. Niliwahi kuona kichwa cha habari kinachosema kwamba angani kuna wingu la pombe la kutosheleza dunia nzima. Kwa mji wetu huu ni habari nzito. Je, ni kweli?

Mstaafu wa Ngomeni

Bwana mkaazi, ni kweli kwa namna ambayo haitamfaa mnywaji. Linalosemwa mara nyingi ni Sagittarius B2, wingu kubwa lililo karibu na kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, ambako methanoli iligunduliwa mwaka 1970 na ethanoli mwaka 1975. Lakini methanoli ndiyo ile ile inayopofusha na kuua watu ikichanganywa katika pombe haramu, na huko angani ni nyingi kuliko ethanoli. Tena imechanganyika na formaldehaidi, na sianidi za aina kadhaa. Zaidi ya hayo imetawanyika mno: chukua ndoo ya wingu hilo na hutapata hata harufu.

Na wewe binti, hoja ya haidrojeni nzito nimeikubali. Sikuijua ile ya nzito tatu. Ila uikubali na ya kwangu, kwamba ukitaka kutoka molekuli zenye kaboni mbili uende kwenye kubwa zaidi, mionzi na kupashwa joto husaidia sana.

Binti wa Malindi

Naikubali, mzee wangu, kwa sehemu kubwa.

Maalim, neno moja kabla ya Jumatatu. Usimwambie kijana kwamba punje ni kichocheo, ingawa ni rahisi kulitumia neno hilo kwa kuwa limo katika sura hiyohiyo ya kitabu. Kichocheo cha kitabuni hushusha kizingiti kwa kuifungulia kemikali njia nyingine. Punje iliyofunikwa na barafu mara nyingi haikigusi kizingiti kabisa: inatoa mahali pa kukutania, inashikilia walioko wasiondoke, na inapokea nishati ya ziada. Ukiliweka hivyo utaona kwamba kanuni yako ya darasani haikuvunjika. Ilikuwa inahusu mahali ambapo chembe ni nyingi, zina haraka, na ni nzito kiasi cha kutoweza kupenya ukuta.

Na kama hataki kusubiri kusi, mwambie azitazame mbingu za kaskazi. Mwezi wa Desemba na Januari, Kilimia kikiwa juu usiku, upande wake wa mashariki kuna wingu jeusi la Taurus, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi, karibu sawa na Kilimia chenyewe. Kwa macho halionekani ila kama upungufu wa nyota, lakini ndani yake kuna kiini kiitwacho TMC-1 ambacho ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana kwa ajili ya kemia hii, na mwaka 2018 ilitangazwa kuwa benzonitrili, yenye ile pete ya kaboni sita mnayoichora ubaoni, imeonekana humo.

Maalim wa Shela

Nimerudi kutoa taarifa. Jumatatu nililianza somo kwa friza ya fundi, nikaingia kwenye diko, kisha ndoa na mashahidi, na darasa lilicheka hapo hata ikabidi nisubiri. Upenyaji wa haidrojeni nimeueleza kwa mchoro wa kilima na mstari unaopita ndani yake, nikakiri kwamba mchoro huo unadanganya kidogo. Haidrojeni nzito waliielewa upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya ng'onda.

Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: ikiwa punje moja hupata atomi moja kwa siku, na huko hakuna jua linalochomoza wala kuzama, siku hiyo imepimwa kwa jua la wapi? Nikamwambia ni la hapa Lamu.